Kelele Zipandazo Kiriri

Tangu mwaka 2014, Kiingereza kilipowekwa na sheria kuwa lugha rasmi ya Burundi pamoja na Kirundi na Kifaransa, watoto wa Bujumbura wameleta nyumbani maneno mengi mageni. Moja la kuchekesha ni hullabaloo, litamkwalo “halabalu”, yaani kelele nyingi zilizochanganyika. Waingereza wanalo tangu karne ya 18, na hudhaniwa lilitokana na sauti ya kumwita mtu aliye mbali, likaongezwa mkia wa vina.

Kiriri ni mahali pazuri pa kulipima. Mtaa huu umekaa mlimani, upande wa mashariki wa jiji. Chini yake ni nyumba, maduka na Ziwa Tanganyika, na ng’ambo ni milima ya Kongo. Usiku ukitulia, sauti za bondeni hupanda. Mama aliye dirishani husikia bila ya kuona. Je, amwamshe mumewe, au afunge dirisha alale?

Hapo halabalu haimfai kitu, kwani neno hilo hutia kelele zote katika kapu moja. Kirundi kimezitenga. Impundu ni vigelegele vya furaha, vya arusi au vya mtoto aliyezaliwa. Induru ni mayowe ya kuomba msaada. Zote mbili hutoka koo lile lile, na kwa mbali sikio lisilozoea laweza kudanganyika. Kiswahili, ambacho wakazi wa Buyenzi wamekizoea mno, nacho kina hazina yake: zogo ni la midomo, rabsha huingia mikono, nderemo ni za sherehe. Askari wa zamu akipigiwa simu kwamba “kuna kelele” hajaambiwa neno. Akiambiwa “kuna rabsha” hujua kwamba asiende peke yake.

(Ngoma tusiitie humo. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.)

Hatari kubwa i katika michezo ya watoto. Mtoto apigaye mayowe kwa mzaha, mara ya tatu majirani hawatoki, hata kama pazia la jikoni limeshika moto kweli. Afundishwe mapema kwamba akiita, ataje jambo lenyewe: moto, mwizi, au mgonjwa, na ni nyumbani kwa nani.