Nguchiro si mmoja: tujue nani kala kuku kabla ya kutega sumu

Huku Kilifi kuku akipotea, mshtakiwa huwa mmoja tu: nguchiro. Hukumu nayo hutoka haraka. Mtu hupaka sumu kwenye utumbo wa kuku, akauacha kando ya shamba usiku. Nimekuwa nikiwaambia majirani zangu kwamba jina hilo moja limebeba wanyama kadhaa, na wengi wao hawana habari na kuku wetu.

Wanyama hawa ni wa ukoo mmoja na wanaishi eneo moja, lakini wamegawana saa, mahali na chakula. Ndiyo maana wanaweza kukaa pamoja bila kunyang'anyana riziki.

Mchana kuna nguchiro mwembamba, mwenye ncha nyeusi mkiani. Hutembea peke yake, hupanda miti, na hula mijusi, panya na wadudu. Akikuta vifaranga, haviachi. Nguchiro mwenye miraba mgongoni naye ni wa mchana, ila huyu hutembea kwa kundi, hulala kwenye vichuguu, na kutwa hufukua mbawakawa na majongoo.

Usiku zamu hubadilika. Nguchiro wa majini hufuata kingo za mito, vinamasi na mikoko, akipapasa matopeni kutafuta kaa na vyura. Nguchiro wa mkia mweupe, mkubwa kuliko wote, huzunguka kwenye mashamba na malisho akila mchwa na wadudu wengine.

Wa tano ndiye anayenitia wasiwasi. Ni nguchiro wa Sokoke, mwenye miguu myeusi na mkia mweusi wa manyoya mengi. Naye hutoka usiku na chakula chake kikubwa ni wadudu, kama yule wa mkia mweupe. Tofauti yao ni makao: mmoja anapenda mahali pa wazi, mwingine anategemea msitu. Huyu hapatikani kwingine duniani ila pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kwetu, kimbilio lake kubwa ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba kama 420.

Sasa tazama kinachotokea tukikata miti kwa makaa na nguzo. Nguchiro wa mkia mweupe hapungukiwi na kitu, shamba jipya ni malisho yake. Wa Sokoke hana pa kuhamia. Na akifika ukingoni mwa msitu, huenda akakutana na ule utumbo wenye sumu, uliowekewa mwizi ambaye saa hiyo amelala.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipoteza kuku anza kwa kuuliza saa. Kifaranga kikitoweka mchana, mshukiwa ni nguchiro mwembamba, au kipanga. Vifunike vifaranga kwa tenga mpaka vikue. Kuku akiuawa bandani usiku, huenda ni kanu, ambaye si nguchiro hata kidogo bali ni jamaa wa fungo. Huyo hupenya tundu dogo, basi ziba matundu kwa waya na ufunge mlango kabla ya magharibi.

Tenga na waya humzuia mwizi peke yake. Sumu haichagui: itaua nguchiro asiyekukosea, bundi anayekulia panya, na hata mbwa wako mwenyewe.