Gundi kwa Anayeanza: Utangulizi wa Kuviringisha Mabomba ya Karatasi

Ukitaka kuviringisha mabomba ya karatasi nyumbani, ya kuhifadhia vyeti, ramani au michoro ya wanafunzi, swali lako la kwanza bila shaka ni gundi ipi. Nakuomba tuanze na karatasi yenyewe, kwani gundi nzuri juu ya karatasi iliyopangwa vibaya ni kazi bure.

Karatasi ni nyuzi za mimea zilizolaliana. Inapotengenezwa kiwandani, nyingi ya nyuzi hizo huelekea upande mmoja, nao tutauita mkondo. Chana gazeti: upande mmoja linachanika kwa mstari ulionyooka, upande wa pili linakwenda ovyo. Kule kulikonyooka ndiko uliko mkondo. Uzi ukilowa hunenepa zaidi kuliko unavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka kwa upana wa mkondo. Laza mkondo sambamba na urefu wa bomba, na karatasi itakukubalia kujikunja bila kuvunjika.

Sasa gundi. Ili ishike, lazima kwanza ipenye kati ya nyuzi, kisha ikauke humo humo. Uji wa unga wa muhogo au wa ngano hufanya hivyo kwa sababu ya wanga, yaani ule unga-unga ambao mmea hujiwekea kama akiba ya chakula. Chembe za wanga haziyeyuki katika maji baridi. Zikipata joto, kwa muhogo kiasi cha nyuzijoto 60 hadi 70 za Selsiasi, hunyonya maji na kuvimba. Koroga kipimo kimoja cha unga katika maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, ongeza maji yatimie vipimo vitano, ndipo uweke jikoni, moto mdogo, mwiko usipumzike. Weupe wa maziwa utapotea, uji utang'aa na mwiko utakuwa mzito mkononi. Hapo umeiva, epua.

Gundi nyeupe ya maseremala ni jamii nyingine: vitone vidogo mno vya plastiki iitwayo polivinili asetati, vinavyoelea majini. Maji yakitoka, vitone huungana kuwa utando mmoja. Ina nguvu, lakini hushika upesi, na anayeanza hujikuta karatasi imemgandia kabla hajainyoosha. Mimi hupenda kuchanganya sehemu mbili za uji uliopoa na moja ya gundi hiyo: uji unakupa muda wa kurekebisha, plastiki inaongeza ukinzani kwa unyevu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kitokacho mtini chaweza kuwa gundi ya karatasi. Gundi ya mgunga huyeyuka katika maji, kwa hiyo inafaa. Lakini sandarusi, utomvu mgumu wa mti, iliyosafirishwa kutoka Unguja katika karne ya 19 hadi Salem, Marekani, kwa ajili ya vanishi, haiyeyuki majini hata kidogo.

Kwetu Zanzibar adui mkubwa ni unyevu. Aishiye katika maghorofa ya Michenzani anajua nguo zinavyogoma kukauka wakati wa masika. Bomba nalo hugoma, na uji wa wanga ni chakula cha kuvu na mende. Wahenga wa kazi hii walitia shabu, lakini shabu huleta asidi, na asidi huifanya karatasi iwe njano na kukatika. Kwa bomba la kuhifadhia cheti, iache. Tone moja au mawili ya mafuta ya karafuu katika kikombe cha uji huzuia kuvu, kwa sababu yana eujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake. Pemba huyakeneka kutokana na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu.

Sasa tuviringishe: tafuta mpini wa ufagio uliosuguliwa laini. Mzunguko wa kwanza zungusha karatasi kavu, bila gundi, bomba lisije likang'ang'ania mpini. Kuanzia wa pili paka tabaka jembamba, ukisukuma hewa kwa kiganja kutoka katikati kwenda kwenye ncha. Chomoa mpini bomba likiwa bado na ubichi, ulisimamishe penye upepo, ndani na nje pakauke pamoja.