Kodheyo na Mulembe: Sayansi ya Mbio za Asubuhi Jinja na Mbale

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado linajikongoja nyuma ya mashamba ya miwa ya Kakira, barabara ya Nile Crescent mjini Jinja, mashariki mwa Uganda, huwa tayari ina watu wake. Kijana amevaa raba za mtumba. Mzee amejifunga koti la mvua ili atoke jasho zaidi. Mama mmoja anatembea kwa hatua ndefu, leso kiunoni. Kando yao ni nyasi za uwanja wa gofu, ule unaosifika kwa kanuni ya kumruhusu mchezaji kuuondoa mpira uliotumbukia katika unyayo wa kiboko. Chini kidogo, Mto Nile unaanza safari yake ya zaidi ya kilomita 6,000 hadi Bahari ya Mediterania. Wanaopishana husalimiana kwa Kisoga: "Kodheyo!" Mmoja anaitikia kwa sauti iliyojaa, mwingine anainua mkono tu, maana pumzi haimtoshi.

Huyo wa kuinua mkono anakimbia kwa nguvu kuliko anavyodhani. Wataalamu wa mazoezi wanacho kipimo cha maongezi, na hakina gharama: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, zoezi lako ni la wastani, ukishindwa kumaliza sentensi, limekuwa kali. Misuli inapofanya kazi sana, kaboni dioksaidi huongezeka katika damu, ubongo ukaamuru mapafu yaharakishe, na maneno yakakosa nafasi ya kupita. Mtu aliyekaa kitini huvuta lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Akianza kukimbia, kiasi hicho hufika lita 50 na zaidi. Kwa hiyo asiye na saa ya kisasa ya kupima mapigo ya moyo asihuzunike. Akiwa Jinja, apimie "Kodheyo". Akiwa Mbale, chini ya mwamba wa Wanale, apimie "Mulembe", salamu ya Wamasaba.

Taifa la miguu

Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha hesabu ya nchi 168, wakiuliza ni watu wazima wangapi wasioushughulisha mwili vya kutosha. Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Uganda ilikuwa na asilimia 5.5, kiwango cha chini kuliko nchi zote. Sifa hiyo haikuletwa na viwanja vya michezo. Ililetwa na jembe, dumu la maji, mzigo wa kuni na njia ndefu ya kwenda sokoni.

Mjini mambo hubadilika. Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na mkazi wa jiji hana shamba la kumtoa jasho. Bomba liko uani, boda boda iko kila kona. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walilinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva aliketi siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Basi lilikuwa moja na njia ilikuwa moja, lakini makondakta waliugua moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Boda boda imetuketisha sote kwenye kiti cha yule dereva.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Zile 150 ni nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo ule unaokuruhusu kuitikia salamu.

Springi kisiginoni, faraja kichwani

Kila hatua ya mbio huutua mwili kwa nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Si nguvu yote inayopotea. Kano nene iliyo nyuma ya kisigino huvutika kama mpira wa manati, ikahifadhi nishati, kisha ikairudisha mguu unapoinuka. Sokwe, binamu yetu wa msituni, hana kano ndefu namna hiyo. Ndiyo maana wanasayansi Dennis Bramble na Daniel Lieberman waliandika mwaka 2004 kwamba mwili wa binadamu una alama za kiumbe aliyeumbika kwa mbio za masafa marefu: kano hizo, vidole vifupi vya miguu, misuli mikubwa ya makalio na ngozi inayotoa jasho kila mahali.

Wengi huogopa kwamba mbio zitawamaliza magoti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kinyume chake. Ugonjwa wa kulika kwa viungo vya nyonga na magoti ulionekana kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujiburudisha, na kwa asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Waliokimbia kwa mashindano ndio waliopanda hadi asilimia 13.3. Gegedu la goti halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiliwa, kama sifongo. Kinacholiponza ni kupita kiasi, na vilevile kukaa tu.

Na ile raha baada ya kilomita chache? Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba inaletwa na endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea. Tatizo ni kwamba endofini za kwenye damu hazivuki kirahisi ukuta unaoulinda ubongo. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani waliwapa wakimbiaji dawa inayozuia kazi ya endofini, na bado raha ikaja. Sasa macho yameelekezwa kwenye kemikali nyingine za mwili, ndugu wa zile zinazopatikana katika bangi, ambazo huongezeka mtu anapokimbia na huingia ubongoni bila shida.

Yule mzee wa koti la mvua naye ana lake la kujifunza. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linaupoza kwa kukauka. Koti likizuia mvuke, jasho linachuruzika bure na moto wa mwili unabaki ndani. Uzito anaoupoteza ni maji, na utarudi akinywa bilauri mbili. Hata kuchoma mafuta kwenyewe si rahisi kama tunavyojidanganya. Mtu wa kilo 70 hutumia takriban kilokalori 70 kwa kilomita moja ya mbio, na rolex moja ya njiani, chapati iliyokunjwa na mayai mawili, inaweza kumrudishia kilomita sita nzima. Anayekimbia na akimbie kwa ajili ya moyo, usingizi na akili. Tumbo litafuata taratibu.

Hewa ina ratiba yake

Tunaamini hewa ya alfajiri ndiyo safi kuliko zote. Mjini si lazima iwe hivyo. Usiku ardhi hupoteza joto, hewa iliyo karibu nayo hupoa, na juu yake hutanda hewa yenye joto zaidi kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa jiko la mkaa, takataka zinazochomwa uani, taksi zinazopasha injini na vumbi la barabara hubaki chini ya mfuniko huo hadi jua lipande na kuichanganya hewa.

Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi uitwao AirQo, ulioanza mwaka 2015, unaotengeneza vipima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto letu. Vingine vilifungwa hata kwenye boda boda. Vipima hivyo vimewekwa katika miji ya Uganda, Jinja ikiwemo, na vimeonyesha kwamba vumbi laini hupanda asubuhi na jioni. Hilo ni vumbi lenye chembe zisizozidi maikromita 2.5, kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na anayevuta lita 50 kwa dakika huvuta sehemu kubwa kuliko aliyeketi.

Hili lisimtishe mtu arudi kitandani. Dawa yake ni kuchagua njia. Moshi wa magari hupungua haraka kadiri unavyojitenga na barabara kuu, hasa katika mita mia mbili za kwanza. Kukatiza mitaa ya ndani yenye miti ni bora kuliko kufuata barabara ya malori. Jinja ina bahati nyingine. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa yake huinuka, na hewa baridi ya Ziwa Viktoria huja kujaza nafasi. Huo ndio upepo unaokupiga usoni asubuhi ikikua. Usiku mkondo hugeuka, nchi kavu ikapumua kuelekea ziwani. Mbale nayo hupumua kwa mlima: usiku hewa ya miteremko ya Elgon hupoa, huwa nzito, na hutiririka kushuka mabondeni kama maji. Ubaridi unaomgusa mkimbiaji wa alfajiri pale unatoka juu.

Mti ni mashine ya ubaridi

Kivuli cha mwembe na kivuli cha bati havilingani. Bati huzuia jua, kisha lenyewe hupata moto na kukumwagia. Mti huinua maji kutoka ardhini na kuyatoa majanini kama mvuke, na kila lita inayogeuka mvuke hubeba joto la takriban megajuli 2.4. Mti mkubwa ukitoa lita 100 kwa siku, umeondoa joto la karibu uniti 70 za umeme, bila bili.

Miti hupoza hata akili. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilala karibu na dirisha lililotazama miti, nusu dirisha lililotazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema zaidi na walihitaji dawa kali chache za maumivu.

Mashariki mwa Uganda mti wa heshima ni mvule. Simulizi za huko huihusisha mivule mikongwe ya kando ya barabara na enzi za Semei Kakungulu, aliyefanya makao yake Mbale mwanzoni mwa karne ya 20. Mvule una kipaji cha ajabu: kwa msaada wa bakteria na kuvu wa udongoni, sehemu ya kaboni unayoivuta hewani huishia kuwa chokaa ngumu shinani. Mti unatengeneza jiwe, katika nchi ambayo jina la jiji lake, Jinja, maana yake ni jiwe.

Mbale na mteremko

Anayekimbia Mbale hawezi kuusahau mlima. Barabara ya Wanale huanza kupanda mara tu ukitoka mjini, na mwamba umesimama mbele yako, maporomoko yakining'inia kama nyuzi nyeupe baada ya mvua. Mtu wa kilo 70 akipanda mita 100 kwenda juu, misuli yake hutumia nishati ya ziada inayokaribia ile ya kukimbia kilomita nzima kwenye tambarare. Kushuka ni rahisi kwa pumzi lakini hugharimu mapaja: msuli hufunga breki huku ukivutwa, nyuzi zake huchanika kidogo sana, na kesho yake ngazi huwa adhabu.

Wengi hudhani Mbale ni kiwanda cha mabingwa. Jiji lenyewe liko kwenye mita kama 1,140 tu juu ya usawa wa bahari. Joshua Cheptegei, aliyekimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36 huko Monaco mwaka 2020, alizaliwa Kapchorwa, juu zaidi kwenye mlima huohuo. Huko hewa ni nyepesi, na mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni.

Mlima huohuo hushusha na msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua zaidi ya watu 20. Nafasi ya wazi yenye nyasi na miti kando ya mto hunywa sehemu ya mvua na kuyapa maji mahali pa kutanda. Njia ya kukimbilia iliyowekwa hapo, asubuhi ni kiwanja cha mazoezi. Siku ya gharika inafurika badala ya nyumba. Huko mlimani, mpango wa Mbale wa kupanda miti, unaoungwa mkono na marafiki wa Wales, ulifikisha miti milioni 10 mwaka 2019.

Ardhi ya kukimbilia

Miguu ya Waganda haina dosari, takwimu zimeshasema. Kinachopungua ni mahali pa kuiweka. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinatenga mita 200 kutoka ufuko wa Ziwa Viktoria na mita 100 kutoka ukingo wa Nile zisivurugwe. Ukanda huo ukiheshimiwa, Jinja tayari ina njia ya kukimbilia yenye upepo wa ziwa na kivuli, bila kubomoa nyumba hata moja. Mbale ina kingo za Nabuyonga na Namatala. Zege si lazima, maana udongo ulioshindiliwa unatosha: miguu hurekebisha ugumu wake yenyewe kufuatana na ardhi inayoikanyaga. Kinachohitajika ni miti, taa, choo, na ulinzi ili binti aweze kukimbia saa kumi na mbili bila hofu.

Madiwani wa majiji haya mawili wapeane miadi asubuhi moja, wavae raba, wakimbie ukingoni mwa mito yao. Wakifika mahali ambapo ua wa mtu umeziba njia, hapo ndipo pa kuanzia kazi.