Vitenzi vya Maneno Mawili: Kiingereza kwa Masikio ya Ngara na Biharamulo (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tulivitambua vitenzi vya Kiingereza vinavyoandamana na kineno kidogo kama up, out, off au after, na tukaona kwamba maana yake haipatikani kwa kutafsiri neno mojamoja. Leo tuingie kwenye kiini cha jambo: kwa nini vinatusumbua, na lugha zetu wenyewe zinaweza kutusaidia vipi.

Tuanze na redio. Nyumbani tunasema fungua redio, funga redio. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, na siku akiombwa aseme hayo kwa Kiingereza anasema open the radio. Mwingereza atadhani anataka kulifungua kasha lake kwa bisibisi. Usemi sahihi ni turn on the radio, na kuzima ni turn off. Turn peke yake ni kugeuza. Kineno kilichofuata ndicho kilicholeta kuwasha na kuzima.

Asilaumiwe mtoto huyo. Mwaka 1755 Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake maarufu, aliandika kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vingine. Jina la kitaalamu linalotumika leo, phrasal verb, lilikuja baadaye sana: lilisambazwa mwaka 1925 na mwandishi Logan Pearsall Smith, aliyelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Mizizi ya taabu yenyewe iko hapa. Kiswahili huweka njia ya mwendo ndani ya kitenzi: ingia, toka, panda, shuka. Kihispania nacho hufanya hivyohivyo: entrar, salir, subir, bajar. Kiingereza huchukua kitenzi chepesi kama go, kisha huacha njia ionyeshwe na kineno cha pembeni: go in, go out, go up, go down. Sisi husema mtu ametoka mbio, yaani kutoka ndiyo habari yenyewe na mbio ni maelezo. Mwingereza husema he ran out. Mbio ndiyo kitenzi, na kutoka kumebebwa na out. Kwa hiyo mwanafunzi wa Rulenge na mwanafunzi wa Madrid wanajikwaa kwenye jiwe lilelile. Wote wawili wamezoea kuitafuta maana ndani ya kitenzi, kumbe Mwingereza ameiweka kwenye mlango wa nyuma.

Hata hivyo, mtoto wa Ngara ana silaha ambayo wa Madrid hana, nayo ni mnyambuliko. Kiswahili hubadilisha maana ya kitenzi kwa kukiongezea kitu mwishoni. Funga ikipata -ua inakuwa fungua. Kunja inakuwa kunjua. Ziba inakuwa zibua. Kirundi, ambacho Wahangaza wa Ngara hukisikia kama lugha ya ndugu zao, kina kuza, yaani kuja, na kuzana, yaani kuleta: kuja na kitu. Kina pia gukora, kufanya kazi, na gukorera, kumfanyia mtu kazi. Hakuna mtoto anayeivunja kuzana vipandevipande ndipo aielewe. Anaijua nzima, kama neno moja. Basi vitenzi hivi vya Kiingereza navyo vishikwe vizima. Mkia wetu umeungana na kitenzi, mkia wao umeandikwa mbali kidogo, lakini kazi ni ileile.

Mfano mzuri ni kuishiwa. Tukisema tumeishiwa chumvi, neno hilo moja limebeba isha pamoja na viambishi vya kuonyesha kwamba kuisha huko kumetupata sisi. Mwanafunzi hutafsiri: the salt is finished to us. Mwingereza husema we have run out of salt. Run hapa haina miguu wala mbio. Ishike yote pamoja, run out of, uiweke akilini mahali palepale pa ishiwa.

Sasa tuone vineno vichache na tabia zake.

Up mara nyingi huonyesha kukamilisha kitu mpaka mwisho. Eat up ni kula chote, fill up ni kujaza mpaka pomoni, use up ni kutumia mpaka kuisha. Lakini give up ni kukata tamaa, au kuacha jambo ulilokuwa ukilifanya.

Off hutenganisha. Take off ni kuvua nguo, cut off ni kukata kitu kikaachana na kingine, set off ni kuondoka safarini. Hapa pana jozi ya kuangalia sana: put off ni kuahirisha, call off ni kufuta kabisa. Tangazo la mkutano likisema put off, subiri tarehe mpya. Likisema called off, usisubiri.

Down hupeleka chini au huharibu. Malori ya kwenda Kigali na Bujumbura hupita Nyakanazi na Lusahunga, na moja likiharibika njiani, dereva atasema the lorry has broken down. Turn down, kwa upande wake, ni kupunguza sauti, au kukataa ombi la mtu.

Kisha kuna look, yaani kutazama. Look after ni kutunza, look for ni kutafuta, look into ni kuchunguza. Uzito wa vineno hivi wilaya ya Ngara inaujua. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki mbili walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao. Mbele ya watoa misaada palikuwa na kazi mbili: to look after the children na to look for their parents. Kitenzi ni kimoja, vineno ni viwili. Aliyechanganya after na for katika ripoti yake angekuwa amesema mtoto anatafutwa, kumbe yuko mikononi mwao anatunzwa.

Jambo la mwisho kwa leo ni mahali pa kiwakilishi, na hapa Kiswahili kinatubeba tena. Tunasema washa taa, lakini taa ikishajulikana tunasema iwashe: kile kiambishi i- kinaingia ndani ya kitenzi. Kiingereza nacho hukiingiza kiwakilishi katikati: turn on the light, lakini turn it on. Okota kalamu ni pick up the pen. Iokote ni pick it up. Usiseme turn on it wala pick up it.

Sheria hiyo haizihusu after na for tulizoziona kwenye look. Hizo hazikubali kuachanishwa na kitenzi: watunze ni look after them, watafute ni look for them. Kipimo chake ni rahisi. Jaribu kuweka nomino katikati. Turn the radio on inasemeka, kwa hiyo kiwakilishi lazima kikae katikati. Look the children after haisemeki popote, kwa hiyo kiwakilishi kibaki mwisho.

Zoezi la wiki hii: andika kwa Kiingereza sentensi hizi nne. Tumeishiwa mafuta ya taa. Mkutano wa wazazi umeahirishwa. Bibi ananitunza. Redio inapiga kelele, izime. Kabla ya kuandika kila moja, iseme kwanza kwa lugha ya nyumbani kwenu, iwe Kihangaza, Kishubi au Kisubi, usikilize mwisho wa kitenzi unafanya kazi gani. Kisha utafute kineno cha Kiingereza kinachofanya kazi hiyo.

Wiki ijayo tutayasahihisha majibu, halafu tutashughulikia vitenzi vyenye vineno viwili kwa mpigo, kama put up with na look forward to, ambavyo huwaponza wengi katika barua za kuomba kazi.