Je, Wajua? Darius, Mfalme Aliyechonga Nasaba Yake Jabalini

Je, wajua kwamba Darius wa Kwanza alipoketi kwenye kiti cha enzi cha Uajemi mwaka 522 KK, baba yake na babu yake walikuwa hai wote wawili? Ufalme hakuurithi kwa yeyote kati yao.

Je, wajua Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema Darius alianza kama mbeba mkuki wa Mfalme Cambyses huko Misri? Tena anasema ufalme aliupata kwa sababu farasi wake alilia wa kwanza alfajiri, baada ya mchunga farasi wake kufanya ujanja na farasi jike. Hadithi tamu, ila Darius mwenyewe haitaji popote.

Anachotaja ni ukoo. Kwenye jabali la Bisotun, kwa lugha tatu, ameandika: Darius bin Hystaspes bin Arsames bin Ariaramnes bin Teispes bin Achaemenes. Anadai wanane wa ukoo huo walikuwa wafalme, yeye wa tisa. Hesabu majina hayo: wanane hawatimii, mpaka uazime tawi la Cyrus, mwasisi wa dola ya Uajemi, yule Koreshi wa Biblia.

Je, wajua Cyrus alipojitaja kwenye silinda yake ya udongo aliishia kwa Teispes? Achaemenes hayumo! Huko Pasargadae, mji wa Cyrus, yapo maandishi yanayomwita Cyrus mtu wa ukoo wa Achaemenes, lakini wataalamu wengi wanaona yaliwekwa na Darius, Cyrus akiwa kaburini na hawezi kubisha.

Darius hakuishia kwenye patasi. Alioa mabinti wawili wa Cyrus, Atossa na Artystone, kisha Parmys, mjukuu wa Cyrus. Mtoto wa Atossa, Xerxes, ndiye aliyerithi, ingawa Darius alikuwa na wana wakubwa kwa mke wa awali.

Je, wajua picha iliyochongwa Bisotun iliongezwa mtu? Mwanzoni Gaumata, ambaye Darius alimpindua ili atawale, alilala chali chini ya mguu wa mfalme, na waasi wanane wamesimama mbele yake, mikono imefungwa nyuma, kamba moja ikiwapita shingoni. Baadaye akashindwa Skunkha, kiongozi wa Wasaka, naye akachongwa mwishoni mwa mstari. Kofia yake imechongoka na ni ndefu. Nafasi haikuwapo, basi maandishi ya Kielamu, mojawapo ya zile lugha tatu, yakakatwa ili yeye aenee, na matini yote ya lugha hiyo ikachongwa upya mahali pengine.