Malkia wa Katwe kwa Jicho la Mama

Filamu tuliyoipenda utotoni haibadiliki; tunaobadilika ni sisi. Tumelibaini hilo tuliporudia kuitazama Queen of Katwe, filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Mira Nair, ambayo baadhi yetu hapa Kinna tuliipenda tungali wanafunzi.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Phiona Mutesi, binti aliyefiwa na baba angali mdogo, alikuwa akiuza mahindi mtaani Katwe, mjini Kampala. Siku moja alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo mwalimu Robert Katende aliwapa watoto uji na kuwafundisha sataranji. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya mchezo huo nchini Urusi, na mwaka 2012 akashiriki tena mjini Istanbul, ambako alipata cheo cha kimataifa.

Zamani tulishangilia ushindi wa Phiona tu. Leo macho yetu yanamfuata mamake, Harriet, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o. Tulimdhani mkali, tena kizuizi. Sasa twaielewa hofu yake: mjane anayehangaikia kodi ya nyumba anachelea mwanawe kuonyeshwa dunia ambayo yeye hawezi kumpa. Na ndiye huyo huyo anayeuza vazi alilolithamini ili yapatikane mafuta ya taa, binti asome usiku.

Kwetu sisi wa kusini mwa Kaunti ya Isiolo, hayo si mambo ya sinema tu. Mifugo ilipoangamia katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, nyumba nyingi za wafugaji zilikabiliwa na uamuzi mzito: nani abaki shuleni, nani afuate mifugo iliyosalia, nani ateke maji. Mara nyingi binti ndiye anayeombwa asubiri. Naye huenda ndiye anayetupa jicho mara moja zizini akajua ni mbuzi yupi asiyerudi, kabla ya baba kumaliza kuhesabu.

Wapo watakaohoji sataranji yenyewe, kwani wanazuoni wamehitilafiana juu yake. Ni swali la haki, na kila familia imwulize shekhe wake. Hata hivyo, kipaji kingeweza kuwa cha hesabu, cha kushona, au cha kuhifadhi Qur'ani. Cha msingi ni kwamba alikuwepo mtu mzima aliyekiona, na mzazi aliyekubali kukigharimia ingawa alikuwa na hofu.

Yupo pia Gloria, msichana mdogo anayemfundisha Phiona kwamba kete ndogo kabisa, ikifika mwisho wa ubao, hugeuka malkia. Nikita Pearl Waligwa, aliyemwigiza, alifariki Februari 2020 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 15. Kumwona sasa akitabasamu kunatukumbusha kwamba utoto wa mwana haumngoji mzazi apate nafasi.

Basi, wazazi wenzetu, itazameni pamoja na mabinti zenu baada ya Isha, siku isiyo ya shule. Ikiisha, msiwaulize ni nani aliyeshinda. Waulizeni ni jambo gani wanaloliweza ambalo sisi nyumbani hatujaliona, kisha mwape muda wa kujibu.