Shaba ya Migori Ilizaliwa Chini ya Bahari! Cheki Vile Ilienda

Ukipita kwa wasee wa skrap hapa Miritini, unajua kitu inasakwa sana ni kopa, yaani shaba. Sasa skia hii: shaba iliyochimbwa Macalder kule Migori, mpaka mgodi ukafungwa 1966, ilizaliwa chini ya bahari. Ndio, Migori, mbali kabisa na Pwani.

Ilifikaje huko?

Sakafu ya bahari iko na nyufa. Maji yanaingia ndani na kupashwa na joto la miamba iliyoyeyuka mpaka yanapita nyuzi 350. Hayachemki, juu uzito wa bahari umeyakandamiza. Yakipanda yanabeba shaba, zinki, chuma na salfa. Yakigusa maji baridi, madini yanaganda papo hapo: kwanza moshi mweusi, halafu dohani za mawe.

Migori ilikuwa hivyo zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Sakafu ikafunikwa, ikakunjwa, ikainuliwa. Bahari ikapotea, mawe yakabaki.

Za sasa ziko wapi?

Hata kwa hii Bahari ya Hindi yetu. Eneo la Kairei, kusini mashariki mwa Mauritius, lilipatikana 2000, kama mita 2,400 chini. Kuna konokono huko ako na magamba ya chuma na salfa mguuni. Tangu 2019 ako kwa orodha ya viumbe walio hatarini, sababu ni hofu ya uchimbaji.

Tofauti ni gani?

Nchi kavu, mgodi umepasuliwa: unaona tumbo lote la mawe, lakini moto ulizima kitambo. Baharini unaona kazi ikiendelea, ila mara nyingi unaokota kipande cha dohani tu, na hapo ndipo madini hujaa. Ni kama kuokota nyama ya juu ya pilau, useme sufuria nzima ni nyama.

Kampuni ya Nautilus ilipanga kuchimba Solwara 1 huko Papua New Guinea. 2019 ikaanguka, na pesa ya serikali ya huko ikazama nayo. Macalder nako, watu bado wanachekecha masalio ya mgodi wakisaka dhahabu, wengine kwa zebaki, na hiyo ni sumu.

So mtu akikuja Pwani na stori ya utajiri wa chini ya bahari, muulize maswali mawili: umetoboa ndani kiasi gani? Na ukishaenda, nani atabaki na uchafu?